Mashine isiyo na waya imeingia nyumbani: linda vidole na kifua cha mwanao

Wiki hii naanza na barua. Mama mmoja wa Micheweni, kaskazini Pemba, anaeleza kwamba mwanawe wa kiume mwenye miaka 17 anajifunza useremala kwa mjomba wake. Miezi michache iliyopita mjomba huyo aliletewa na jamaa walioko Maskati mashine ndogo ya betri ya kuungia mbao. Karakana ni banda la makuti, si mbali na nyumba. Lakini kwa kuwa mashine haina waya, kijana huibeba jioni na kuja nayo nyumbani kumalizia milango ya makabati barazani. Mdogo wake wa miaka 6 ana pumu, na siku hizi anakohoa usiku. Mama anauliza mambo mawili: je, kikohozi hicho kinatokana na vumbi la mbao? Na je, amwache kijana aendelee na mashine ile au amkataze?

Nitamjibu yote mawili. Ila kabla ya hapo inabidi tuifahamu mashine yenyewe, kwa sababu mzazi asiyejua kitu kinafanyaje kazi hawezi kukikataza wala kukiruhusu kwa busara.

Seremala anapotaka kuunga mbao mbili ubavu kwa ubavu, tuseme uso wa meza au mlango wa kabati, kwa patasi na nyundo angechonga tundu na ulimi. Mashine hii hukata mfereji mwembamba wa milimita 4 katika kila ubao. Ndani ya mifereji hiyo hutiwa gundi na kipande cha mbao iliyoshindiliwa, chembamba, chenye umbo la yai lililobapa, kinachoitwa biskuti. Majimaji ya gundi huifanya biskuti ivimbe, na mbao zikashikana barabara. Ufundi huu ulianzia Uswisi katika miaka ya 1950, kwa seremala aitwaye Hermann Steiner. Hapa nitaiita mashine ya biskuti.

Kinachokata ni msumeno mdogo wa duara, upana wake kama milimita 100, unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Msumeno huo huuoni. Umejificha ndani ya kichwa cha mashine, na hutokeza pale tu fundi anapousukuma mwili wa mashine mbele kuelekea kwenye ubao. Akiachia, springi huurudisha ndani. Kwa hiyo mtu akiitazama ikiwa mezani anaona kitu kama pasi ndogo isiyo na makali popote. Mtoto wa miaka 6 hana sababu ya kuiogopa.

Waya ulikuwa mlinzi

Mashine za umeme wa ukutani ziliwafundisha mafundi desturi moja nzuri: kabla ya kugusa msumeno, chomoa waya. Waya ukiwa umechomolewa kila mtu anaona, hata mtoto. Betri imeiondoa desturi hiyo bila sisi kutambua. Sasa umeme umo tumboni mwa mashine saa zote, iwe barazani, chini ya kitanda au ndani ya kikapu nyuma ya baiskeli.

Simlaumu fundi anayependa betri. Pemba imeunganishwa na umeme wa Bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, lakini si kila banda lina soketi, na umeme ukikatika kazi ya mtu husimama. Pia waya unaotambaa juu ya maranda una hatari zake. Ninachosema ni kwamba mlinzi wa zamani ameondoka, na sharti tuweke mwingine mahali pake.

Mlinzi huyo ni betri yenyewe. Kazi ikisimama, hata kwa ajili ya sala au kikombe cha chai, betri itoke. Kabla ya kubadilisha msumeno, kusafisha au kurekebisha kina cha mfereji, betri itoke. Mashine isiingie ndani ya nyumba ikiwa na betri yake. Vitu hivyo viwili vilale mahali mbalimbali, na betri iwe juu, mkono wa mtoto usipofika. Mama, hili unaweza kulisimamia bila ya kujua lolote kuhusu useremala: kijana akiingia mlangoni, mnyooshee mkono akupe betri.

Vidole hukatwa vipi

Kosa linaloumiza zaidi ni kushika kipande kidogo cha ubao kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukisukuma mashine. Msumeno ukigonga jicho gumu la mbao, mashine huruka nyuma au pembeni, na kilicho karibu nayo ni kile kiganja cha kushoto. Ubao lazima ubanwe kwa jiliwa au vibano, na mikono yote miwili iwe juu ya mashine. Kipande kisichobanika kwa udogo wake kiungwe kwa njia nyingine. Msumeno uachwe ufikie kasi yake kamili kabla ya kusukumwa, na mashine isiwekwe chini mpaka usimame kabisa.

Kosa la pili linatokana na uchafu. Nilisema springi huurudisha msumeno ndani. Unga wa mbao ukichanganyika na utomvu na unyevu wa hewa ya pwani, hujenga ukoko kwenye reli za kichwa cha mashine. Springi hushindwa, msumeno hubaki nje nusu, nao bado unazunguka. Fundi anayeamini kwamba umeshajificha huiweka mashine pajani. Kwa hiyo kila siku kabla ya kuanza, betri ikiwa nje, kijana asukume kichwa cha mashine kwa mkono na kukiachia. Kikirudi chenyewe haraka, sawa. Kikisita, siku hiyo mashine haifanyi kazi mpaka reli zipigwe brashi kavu na zipakwe kilainishi kilichotajwa katika kitabu cha mashine. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani hunasa vumbi zaidi.

Msumeno butu nao ni mbaya kuliko mkali, ingawa watu hudhani kinyume chake. Butu humlazimisha fundi asukume kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu hauna breki. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona mfereji umekuwa mweusi, msumeno umekwisha makali au umeganda utomvu. Usafishwe au ubadilishwe, na wakati wa kuubadilisha fundi avae glovu nene. Wakati wa kukata ni kinyume: glovu zivuliwe, kwa sababu msumeno ukinasa uzi mmoja huvuta mkono mzima.

Ni hivyo hivyo kwa nguo. Kanzu nzuri ya kwenda msikitini si nguo ya karakana, na msuli unaopepea pia. Pete na saa zivuliwe. Malapa yabaki mlangoni, avae viatu vilivyofunika vidole. Miwani ya kukingia macho haina mjadala: kibanzi kikiingia jichoni usikisugue, na kama kimechoma na kusimama usikichomoe. Funika jicho bila ya kuligandamiza, nenda hospitali.

Akikatwa, fanya haya

Hapa naomba usome polepole. Dakika kumi za mwanzo ziko mikononi mwako wewe uliye nyumbani, daktari bado hajaingia.

Chukua kitambaa safi, khanga iliyofuliwa inatosha, ikunje na ugandamize juu ya jeraha kwa nguvu. Inua mkono wake juu ya usawa wa moyo. Usifunue kuchungulia kila mara. Gandamiza dakika 10 mfululizo. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Vua pete zote za mkono huo mapema, kabla vidole havijavimba. Usitie majivu, kahawa, dawa ya meno, mafuta ya taa wala kitunguu. Najua baadhi ya haya tumeyarithi kwa wazee wetu wenye nia njema, lakini hubeba vijidudu na kumfanya mhudumu akose kuona jeraha.

Kidole au kipande chake kikikatika kabisa, kitafute. Kisuuze kidogo kwa maji safi, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge. Mfuko huo ndio uwekwe ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kidole kisigusane na barafu moja kwa moja, kwa sababu barafu huua nyama. Usimwahidi kijana kwamba kitarudishwa, maana si kila hospitali ina upasuaji wa namna hiyo na si kila kidole hurudi. Wewe kipeleke tu, waamue wataalamu.

Ninachokiogopa zaidi ni jeraha dogo. Msumeno wa mashine hii haukati kama kisu. Hung'oa mfereji wa milimita 4 katika nyama kama unavyofanya katika ubao, na unaweza kukata kano au mshipa wa fahamu huku ngozi ikionekana imechanika kidogo tu. Damu ikisimama, mwambie akunje kila kidole na kukinyoosha kimoja kimoja. Kisha gusa ncha ya kila kidole huku amefumba macho, akuambie ni kipi. Kidole kisichokunja, au chenye ganzi, kinahitaji daktari siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kama punje ya mchele. Kano iliyoachwa kwa wiki kadhaa hujivuta na kuiunga inakuwa kazi ngumu. Anza na hospitali ya hapo Micheweni. Wao ndio watakaosafisha jeraha na kuamua kama upelekwe Wete, Chake Chake au hadi Hospitali ya Abdulla Mzee iliyoko Mkoani, kusini mwa kisiwa.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto mchanga nchini Tanzania hupata chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ndani yake imo kinga ya pepopunda. Kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Mwanamke huongezewa dozi anapokuwa mjamzito. Kijana wa kiume na baba yake hawaendi kliniki ya wajawazito. Hivyo inawezekana kabisa ndani ya nyumba moja mama akawa amekingwa na mafundi wote hawana kinga, na wao ndio wanaochomwa na misumari. Mpeleke kijana kituo cha afya aulize kuhusu chanjo ya pepopunda kabla hajakatwa. Akiumia jeraha chafu na imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho, au hamkumbuki, mwambie mhudumu waziwazi.

Vumbi lisiloonekana

Narudi kwenye swali la kwanza la mama. Je, vumbi la mbao linaweza kumkohoza mtoto mwenye pumu? Ndiyo, linaweza. Maranda yanayoanguka chini si tatizo kubwa. Tatizo ni unga laini unaoelea hewani baada ya mashine kunyamaza, unaokaa kwenye mapazia, kwenye chandarua na kwenye nywele za kijana. Mtoto hahitaji kuwepo barazani wakati wa kukata. Kaka yake akimbeba tu na fulana ile ile ya kazi, inatosha.

Mbao hazifanani kwa ukali. Unga wa mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza pua na kifua, na mninga pia umeripotiwa kuleta pumu kwa baadhi ya mafundi. Mbao za kiwandani za MDF hutoa unga laini mno, na gundi yake ina fomaldehaidi, kemikali inayowasha macho na koo. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni vyema zisikatwe nyumbani hata kidogo, na mabaki yake yasitiwe jikoni kuwa kuni.

Fundi mwenyewe ana la kulifikiria kwa muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo ni adimu sana, ilikuwa ikiwapata mara nyingi kupita kiasi watengenezaji wa viti katika mji wa High Wycombe. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani hiyo huja baada ya miaka mingi ya kuvuta vumbi, wala si kila seremala ataipata. Lakini kijana anayeanza na miaka 17 ana miaka mingi mbele yake.

Mashine ya biskuti ina mfuko wake wa kukusanyia vumbi. Mara nyingi nauona umetupwa kwa sababu eti unasumbua. Urudishwe, na umwagwe kabla haujajaa nusu, kwani ukijaa vumbi hutafuta njia nyingine, ikiwemo ndani ya mota. Kazi ifanyike nje, upepo ukitokea mgongoni mwa fundi na kuelekea mbali na madirisha. Barakoa za kitambaa na zile za bluu za hospitali hazizuii unga huu vya kutosha. Inayofaa ni ile ngumu inayobana uso, iliyoandikwa N95 au FFP2. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Nguo za kazi zivuliwe nje, na kijana aoge kabla ya kumshika mdogo wake.

Hata hivyo mama, usiifanye mbao kuwa mshitakiwa peke yake. Moshi wa kuni jikoni, dawa ya mbu ya kuchoma, hata udi na ubani tunaoupenda wa Ijumaa, vyote huweza kuchokoza kifua cha mtoto mwenye pumu. Chukua daftari la skuli. Kwa wiki 2 andika kila usiku kama alikohoa, na mchana wake kulifanyika nini nyumbani. Siku kaka yake asipokuja na kazi, je, usiku unakuwa mtulivu? Daftari hilo mpelekee daktari. Na kikohozi kikizidi wiki 2 bila ya kubadilika, au kukiwa na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, apimwe kifua kikuu pia.

Akiwa anahitaji pampu yake ya kupanua kifua zaidi ya mara 2 kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa na huenda anahitaji dawa ya kinga ya kila siku. Ukiona anavuta pumzi hadi nyama za katikati ya mbavu zinabonyea, hawezi kumaliza sentensi, au midomo imekuwa ya bluu, usisubiri asubuhi. Mpe pampu na uondoke naye huku ukiendelea kumpa njiani.

Betri nayo isilale na watu

Betri za mashine hizi ni za lithiamu, na zina nguvu nyingi kwa ukubwa wake. Zichajiwe mchana, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au jiwe, mbali na godoro, mapazia na maranda. Chaja iwe ile iliyokuja nayo. Betri iliyovimba, iliyoanguka ikapasuka, iliyoingia maji ya chumvi au inayotoa joto lisilo la kawaida isichajiwe tena wala isifunguliwe nyumbani. Isitiwe mfukoni pamoja na misumari, kwa sababu msumari mmoja ukigusa vichwa vyake viwili huwasha moto. Na kwa kuwa Pemba chumvi iko hewani, vichwa hivyo vipanguswe kwa kitambaa kikavu kila wiki.

Sasa swali la pili: akatazwe? Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania imeuridhia, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari. Unaacha mlango kwa wenye miaka 16 pale tu ambapo nchi imeruhusu na kijana analindwa kikamilifu na amefundishwa kazi ile hasa. Kwa maoni yangu, kijana wako asiitumie mashine hii akiwa peke yake, si barazani wala bandani, mpaka atimize miaka 18. Kabla ya hapo apime, apige randa, apake gundi, na akikata, mjomba wake awe amesimama pembeni yake, ubao umebanwa, miwani iko machoni. Ufundi hataukosa. Patasi na randa pia ni ufundi, na mkono uliozizoea huijua mbao vizuri zaidi.

Mjomba huyo ni kaka yako, kwa hiyo mazungumzo haya ni yako kuyaanza. Usiende na lawama. Nenda na ombi moja kwanza: mashine ilale bandani, isitoke tena kuja nyumbani. Akikubali hilo, vumbi la barazani litakuwa limekwisha siku hiyo hiyo, na daftari lako litaanza kukuonyesha kama ndilo lililokuwa likimkohoza mdogo.